Harufu Imekwisha

Kituo cha Pampu, 6 Februari

Mdogo wangu,

Shikamoo yako nimeshaipokea kabla hujaitoa. Sisi wazima, ila Mama na goti lake, na goti hilo unalijua, lina maneno kuliko mwenyewe.

Usinilaumu kwa kukuandikia wakati simu zipo. Ukinipigia utaongea na ukuta, na simu yenyewe nilishamwachia Mama. Miaka kumi na tisa kando ya pampu imeniachia masikio ya kupamba kichwa tu. Basi bahasha ipande basi, nawe unijibu vivyo hivyo, kama walivyofanya wazee wetu.

Nina shida ya kitaalamu, na wewe ndiye mtaalamu wa ukoo. Maji machafu ya mji mzima upande huu yanaingia kwenye kisima chetu kabla ya kusukumwa mbele, na kisima kinanuka yai viza mpaka ng'ambo ya ukuta. Ng'ambo kuna shule, na nyumba sita, na ya tatu ni ya Mama. Walimu wamepeleka malalamiko juu. Mkuu wa kituo ameambiwa ajenge chujio la hewa kabla ya wageni wa ukaguzi kuja mwishoni mwa Machi.

Boksi lenyewe nimeshalijenga kwa tofali, kubwa kama vyumba viwili. Chini kabisa kuna chumba kifupi, mtu anaingia kwa kuinama. Feni inavuta hewa ya kisimani na kuisukuma humo, kisha inapanda juu kupitia matundu ya zege. Juu ya zege ndipo panapowekwa kitanda cha kitu fulani, na ndani ya kitu hicho wanakaa vijidudu wanaokula harufu. Mpaka hapo nimeelewa. Kitu chenyewe ndicho sikijui. Mmoja anasema mkaa, mwingine kokoto, na Mkuu anasema chochote kilicho karibu.

Wewe una maabara. Niambie nijaze nini.

Bi Mita anakusalimu. Ni yule dada msoma geji wetu, anayeandika namba kila saa kana kwamba kesho atahojiwa.

Kakako,
Mzee wa Pampu

—

13 Februari

Kaka,

Shikamoo hata kama umeshaipokea.

Barua yako imenifurahisha kuliko ulivyodhani. Ni muda mrefu hakuna mtu aliyeniuliza swali ninalolijua.

Usijaze kokoto tupu. Kokoto haishiki maji, na vijidudu wako wakikauka wanakufa. Mkaa ni mzuri lakini utausaka mwaka mzima. Kila kitu unachoonyeshwa, kiulize mambo manne. Je, hewa inapita ndani yake? Je, kinashika unyevu kama nguo iliyokamuliwa, si kama ndoo? Je, kitabaki na kimo chake baada ya miezi sita, au kitakaa chini kama mzee aliyechoka? Na je, kitavumilia ukali? Maana vijidudu wakishakula gesi ya yai viza wanatoa tindikali, na tindikali ikizidi inawaua wao wenyewe.

Kwa hapo ulipo, ningechagua vibanzi vya mti vya ukubwa wa kidole gumba, viwe nusu ya kitanda. Robo iwe makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa. Inayobaki iwe mboji iliyoiva, maana humo ndimo mbegu ya vijidudu ilimo, pamoja na makombe ya chaza yaliyosagwa, ya kupunguza ukali.

Unga wa mbao usiuguse. Najua mafundi samani watakuletea bure. Unga ukilowa unashikana kama ugali, na hewa ikikosa njia inarudi chini ilikotoka. Nakuomba sana hilo.

Nitumie sampuli ya kila kitu, gunia dogo dogo, nipime kabla hujamwaga. Vitu vya aina moja vinafanana kwa macho tu.

Mama aache kupanda ngazi.

Mdogo wako

—

Kituo cha Pampu, 22 Februari

Mdogo wangu,

Magunia matatu yamepanda basi la leo: vibanzi, makumbi na mboji. Dereva amelalamika kwamba mboji inanuka. Nimemwambia aje afanye kazi kwetu siku moja, atarudi akiiita marashi.

Makumbi yametoka kwa mtu mmoja pwani anayeyaloweka kwa ajili ya kusokota kamba. Ana lundo kubwa, na anafurahi tukimpunguzia.

Mkuu anataka karatasi. Anasema maneno ya ndugu hayaingii kwenye faili. Niandikie ukurasa mmoja wenye kichwa cha maabara, useme umepima nini na umeona nini, utie sahihi. Nilivyokusifu mbele yake, nadhani anategemea uje na miwani miwili.

Ila fanya upesi. Siku zinakimbia, na yeye kila asubuhi anasimama kwenye lile boksi tupu na kulitazama kama mtu anayetazama kaburi lake.

Bi Mita ameuliza geji ya chumba cha chini ataisomaje. Nimemwambia namba ikipanda maana yake hewa inapata taabu kupita. Akaniuliza, ikipanda sana? Nikamjibu tutajua hapo ikifika. Mwanamke yule hapendi jibu la namna hiyo.

Kakako

—

9 Machi

Kaka,

Samahani kwa kuchelewa. Maabara ina shughuli nyingi.

Nimepima. Vibanzi vizuri, vina nafasi za kutosha kati yake. Mboji imeiva, haina joto. Makumbi hayana neno. Karatasi ya Mkuu imo ndani ya bahasha hii, na sahihi yangu ipo chini.

Ukichanganya, chota mkononi kisha uminye. Yakitoka matone mawili matatu, unyevu umetosha. Yakichuruzika, umezidisha. Kimo cha kitanda kisizidi mita moja, na usikubali mtu yeyote akanyage juu.

Halafu wape vijidudu wiki tatu za kuzoea. Harufu haitakatika siku ya kwanza. Itapungua kidogo kidogo, kwa wiki, kama homa inayoshuka. Ukiona imekatika ghafla, niandikie.

Ndiyo, nakula vizuri. Mwambie Mama asinitumie mtu wa kunichungulia tena.

Mdogo wako

—

Kituo cha Pampu, 2 Aprili

Mdogo wangu,

Wageni wamekuja na wamekwenda. Walitembea kuzunguka boksi, wakapiga picha, mmoja akaweka pua karibu na kitanda akasema ananusa msitu. Mkuu alicheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Karatasi yako imesomwa kwa sauti. Nilisikia nusu, lakini nilitazama midomo, na ilipofika kwenye jina lako nilijua.

Kitanda tumekijaza kama ulivyosema, kadiri ilivyowezekana. Kuna vitu huku vinachelewa kufika, wewe unajua mambo ya maofisi, lakini kazi imefanyika. Harufu imepungua nusu ndani ya siku kumi. Walimu wameleta barua ya shukrani. Hivi sasa nikipita mtaani naitwa Mzee wa Marashi.

Bi Mita peke yake ndiye amenuna. Anasema namba ya chini ilianza pazuri, sasa inapanda kidogo kila siku. Nimemwambia kitanda kipya ni kama kiatu kipya, kinabana kabla hakijazoea mguu. Ameandika kitabuni, nami nimetia sahihi yangu, maisha yanaendelea.

Kakako,
Mzee wa Marashi

—

20 Aprili

Mwanangu kipenzi,

Nakuandikia mwenyewe, usishangae mwandiko. Mkono unatetemeka lakini akili haijatetemeka bado.

Kaka yako anasema harufu imekwisha. Mimi mchana siisikii sana, ni kweli. Lakini alfajiri nikifungua dirisha la uani inanipiga usoni mpaka kichwa kinauma hadi adhuhuri. Nikimwambia, anasema ni uzee. Labda. Ila uzee haugeuzi vyuma. Bangili yangu ya fedha, ile ya marehemu baba yenu, imekuwa nyeusi kama chungu. Nimeisugua kwa majivu Jumatatu, Ijumaa ikawa nyeusi tena. Bomba la shaba la uani nalo limepiga weusi.

Na kaka yako ana macho mekundu. Anasema vumbi. Mtoto akiwa mdogo unajua anapodanganya kwa sababu anakutazama sana. Yeye siku hizi hanitazami kabisa.

Wewe umesoma. Niambie kama ni mimi.

Mama yako

—

27 Aprili

Kaka,

Mama ameniandikia. Usimgombeze, na usimwambie ni uzee. Fedha inageuka nyeusi kwa gesi ileile tunayoichuja. Kama bangili yake inageuka ndani ya siku nne, basi gesi inatoka, iwe unaisikia au huisikii.

Naomba unijibu mambo haya bila utani, moja baada ya jingine. Kitanda kimekaa chini kwa kiasi gani tangu mlipokijaza? Kimepasuka pembeni, karibu na tofali? Maji yanayotoka chini yana rangi gani, na je, yanatoka? Feni inalia namna gani? Namba ya Bi Mita imefika ngapi?

Na macho yako yana nini?

Jambo jingine, nalo ni kubwa kuliko yote. Mtu asiingie chumba cha chini. Hata kwa dakika moja, hata kuchukua spana iliyoanguka. Andika kwenye mlango kwa rangi.

Nijibu upesi.

Mdogo wako

—

Kituo cha Pampu, 5 Mei

Mdogo wangu,

Umeniandikia kama polisi, lakini nitajibu kama raia mwema.

Kitanda kimekaa chini kidogo, labda kiganja na nusu. Pembeni pana ufa, nauziba kwa matope kila Jumatatu. Maji yalikuwa yanatoka kahawia, sasa yamekoma. Nadhani bomba la chini limeziba. Feni wanasema inalia, na inajizima yenyewe mara mbili tatu kwa siku, tunaiacha ipoe tunaiwasha. Namba ya Bi Mita imepanda mara nne ya ilivyoanza. Macho yanawasha. Umefurahi?

Sasa nikupe habari njema, maana ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Harufu imekwisha. Si nusu wala robo. Tangu wiki iliyopita nasimama juu ya kitanda chenyewe na sisikii kitu. Nimefungua kifuniko cha kisima, nikainama, hewa tupu kama ya mlimani. Vijidudu wako wamejua kazi. Bi Mita anabisha, anasema yeye asubuhi akiingia getini anaisikia kwa nguvu, halafu ikifika saa nne haisikii tena. Nimemtania kwamba vijidudu wanaamka saa nne kama watu wa ofisi kuu. Hakucheka.

Kuhusu chumba cha chini, haiwezekani nisiingie. Maji yamejaa humo mpaka gotini, na yasipotolewa feni itaungua. Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe 14, nitashuka mwenyewe na kuzibua bomba. Ni kazi ya robo saa. Rangi ya mlangoni nitaipaka nikitoka.

Halafu nikuambie kitu, maana moyo wangu hautulii ukinihoji namna hiyo. Vibanzi havikufika vyote. Mkuu alileta lori la unga wa mbao kutoka kwa mafundi samani siku tano kabla ya wageni, akasema funika tu, juu waone vibanzi. Theluthi mbili za kitanda ni unga. Nilitaka kukuandikia, nikaona aibu, nilishakusifu mno. Lakini unaona, kimefanya kazi.

Kakako

—

9 Mei, saa tano asubuhi

Kaka,

Barua yako imenifikia sasa hivi. Nakuandikia nimesimama kaunta, wateja wananisubiri. Nimempigia Mama, simu yake imezimwa. Nimepiga namba ya kituo mara sita, inaita na hakuna anayepokea. Dereva wa basi la saa sita amekubali kuibeba barua hii mkononi na kukuletea mpaka getini. Mimi nakuja kwa basi la kesho.

Usishuke. Soma neno hilo mara tatu kabla hujaendelea.

Harufu haikuisha. Pua yako ndiyo iliyokufa. Gesi hii ikiwa kidogo inanuka kuliko kitu chochote, ikizidi inaua mishipa ya kunusa, na mtu anasimama katikati yake akidhani yuko mlimani. Bi Mita anakuambia ukweli: asubuhi pua yake imepumzika nyumbani, inasikia, ikifika saa nne imeshazimwa. Wewe yako haipumziki tena, kwa sababu unakaa hapo mchana na usiku. Na hayo maji ya chini yameinywa hiyo gesi kwa wiki kadhaa. Ukiyatibua kwa chuma itatoka yote kwa pamoja. Mtu hapati nafasi ya kukohoa.

Unga wa mbao umeziba hewa, ndiyo maana namba imepanda na feni inajizima. Nimekasirika, lakini sina haki ya kukukasirikia, na nitakuambia kwa nini.

Sina maabara. Mkataba wangu uliisha Desemba na hawakuuendeleza. Tangu Januari nauza dawa kwenye duka la mtu, nasoma vyeti vya madaktari na kuhesabu vidonge. Barua yako ya kwanza ilinikuta wiki ya nne kazini. Ulisema mimi ndiye mtaalamu wa ukoo, nikashindwa kukuambia. Karatasi ya Mkuu niliiandika kwenye karatasi yenye kichwa cha maabara niliyobaki nayo. Magunia yako hayajafunguliwa. Yako nyuma ya mlango wa chumba changu, hapa nyuma ya duka, kamba ulizofunga wewe bado zipo.

Leo, baada ya kusoma barua yako, nimerudi kwenye ile ya Februari. Umesema makumbi yametoka pwani, kwa mtu anayeyaloweka. Nimelikimbilia gunia, nimelikata, nimeweka uzi mmoja ulimini. Chumvi tupu, Kaka. Yamelowekwa kwenye maji ya bahari. Vijidudu hawakai kwenye chumvi. Hata ungejaza vibanzi vyote nilivyosema, kitanda kingekuwa kimekufa tangu wiki ya kwanza. Kuonja kungetosha. Sikuonja.

Ile nusu iliyopungua mwezi wa nne, nadhani ndiyo ilikuwa pua yako inaanza kwenda.

Zima feni, fungeni eneo, Mama atoke ile nyumba leo. Usishuke, na usimruhusu mtu kushuka.

Mdogo wako

—

Hospitali, wodi ya wanaume, 30 Mei

Mdogo wangu,

Ulikaa siku nne kando ya kitanda changu na hatukusema neno la maana. Mama alikuwepo muda wote, na mimi kuambiwa kitu mpaka uniandikie kwenye karatasi, naye anasoma kila karatasi. Sasa umerudi, Mama amekwenda kwa shangazi, mkono wangu umeacha kuruka. Nikueleze ilivyokuwa, maana wewe umeambiwa na watu ambao hawakuwepo.

Feni iligoma kabisa Alhamisi ile ya tarehe 7. Mkuu akasema tusisubiri wiki nyingine. Ijumaa saa mbili na nusu asubuhi nikafungua mlango wa chini. Bi Mita alisimama juu akaniambia maneno, nikamwonyesha sikio langu, kama ninavyowafanyia watu nisiotaka kuwasikiliza. Akachukua kalamu akaandika kwenye kiganja chake, akanigeuzia. "Nimeisikia getini. Kali." Mimi nikagusa pua yangu, nikatikisa kichwa. Hamna kitu. Nikashuka.

Maji yalinifika gotini, meusi, ya vuguvugu. Nikatia chuma kwenye bomba, nikakoroga. Nakumbuka kuona mapovu. Sikuhisi harufu yoyote mpaka leo, usije ukadhani ninaficha. Nilihisi utamu mdomoni, basi. Halafu sikuwa na miguu.

Mengine nimeandikiwa na mlinzi wa geti. Bi Mita alipiga kelele, akaona sisogei, akamtuma mlinzi akalete kamba ya kuvutia pampu. Kamba ilipofika hakumpa mtu. Alijifunga kitambaa puani, akashuka nayo, akanipitisha kwapani, akafunga fundo. Mlinzi na fundi umeme wakanivuta. Nilikuwa mzito, nilikwama mlangoni, wakapoteza muda. Waliporudisha kamba chini hakuna mkono ulioishika. Mlinzi alitaka kufuata, fundi umeme akamkalia kifuani mpaka zimamoto walipofika na mitungi ya hewa. Nusu saa.

Mume wa Bi Mita ni fundi cherehani pale sokoni, unamjua duka lake, lenye mlango wa bluu. Amekuja kuniona mara moja. Alikaa kwenye kile kiti chako. Aliandika, "Alikuambia?" Nikaandika, "Aliniambia." Akaikunja karatasi, akaiweka mfukoni, akaondoka.

Nimeletewa kitabu cha geji cha marehemu na watu wa tume ya uchunguzi ili nithibitishe sahihi zangu. Siku ishirini na mbili mfululizo, chini ya namba, ameandika kwa herufi zilezile: kitanda kimeziba, naomba kisimamishwe. Chini yake sahihi yangu, kila siku. Sikuwa nasoma. Nilikuwa nasaini nikinywa chai.

Sasa sikiliza. Tume inaanza kuhoji Jumatatu ya tarehe 15. Mtaalamu wao amefukua kitanda. Ameona unga wa mbao, amebaini na chumvi. Mkuu anasema hakuleta lori lolote, na walioliona lori wamepoteza kumbukumbu ghafla. Nitasema nililileta mimi. Na makumbi nitasema niliyabadilisha baada ya wewe kupima, kwamba sampuli uliyopata ilikuwa ya mtu mwingine. Mtu mmoja akibeba, mzigo ni uleule. Pua sina, masikio sina, kazi yenyewe sina tena. Wewe bado kijana, siku moja utapata maabara.

Barua yako ya tarehe 9 dereva alimpa Mama, na Mama aliniwekea chini ya mto bila kuifungua. Nimeisoma, nimeichana, nimeimeza kwa maji. Haikunifikia. Hivyo ndivyo nitakavyosema, nawe useme hivyo. Yale magunia yachome.

Usinijibu. Barua zinazoingia hapa zinafunguliwa; hii ataitoa mlinzi wetu wa geti.

Kakako

—

8 Juni

Mwenyekiti,
Tume ya Uchunguzi wa Ajali ya Kituo cha Pampu

Ndugu Mwenyekiti,

Mimi ndiye niliyetia sahihi karatasi ya tarehe 9 Machi iliyomo kwenye faili lenu, inayosema kwamba vibanzi, mboji na makumbi ya chujio vimepimwa na kufaa. Hakuna kilichopimwa. Siku ile sikuwa na kazi kwenye maabara ambayo jina lake liko juu ya karatasi, na maabara hiyo haihusiki kwa lolote.

Magunia matatu ya sampuli nimeyakabidhi polisi wa hapa leo asubuhi, na stakabadhi nimeiambatisha. Mawili hayajawahi kufunguliwa. La makumbi nililikata tarehe 9 Mei, siku moja baada ya kifo. Mkiyalinganisha na makumbi ya kitandani mtaona ni yaleyale, ya mtu yuleyule. Kaka yangu hakubadilisha kitu baada yangu.

Atawaambia alibadilisha. Atawaambia pia kwamba lori la unga wa mbao lilikuwa lake, na kwamba barua niliyomwandikia tarehe 9 haikumfika. Barua yake ya tarehe 5 Mei ninayo, anataja humo lori limetoka kwa nani. Naileta, pamoja na zote alizoniandikia tangu Februari. Anajaribu kunificha. Alinificha hivyohivyo tulipokuwa watoto na mimi nikamwachia, kwa hiyo anadhani nitamwachia tena.

Makosa yake mnayo kwenye kitabu cha geji, kwa sahihi yake mwenyewe, na hayakanushi. Siombi mpunguze. Naomba tu msimwongezee yangu.

Kuhusu marehemu nina jambo moja la kusema. Sikuwahi kukutana naye. Namjua kwa barua za kaka yangu tu, ambamo ni mtu wa kutaniwa. Nimezisoma upya zote. Tangu Februari mpaka Mei yeye peke yake ndiye aliyeuliza swali sahihi kila mara: namba ikipanda sana, tutafanyaje? Swali hilo lilinifikia mimi tarehe 26 Februari. Jibu nilikuwa nalo. Niliandika kuhusu unyevu na kimo cha kitanda, swali lake nikaliacha.

Nitapanda basi la Jumapili, Jumatatu asubuhi nitakuwa mlangoni kwenu. Naomba barua hii isomwe yote, kwa sauti, fundi cherehani akiwepo. Kaka yangu hataisikia. Mpeni nakala aisome mwenyewe, na mumwache amalize kabla hamjamuuliza chochote.

Wenu,
Muuza dawa, dada wa msimamizi wa pampu